Maswali na Majibu: Jinsi Sumaku Zinavyochambua Viini Adimu

Wasomaji wameuliza kuhusu vitenganishi vya sumaku, yaani mitambo mirefu inayochambua viini adimu vya atomi kutoka katika umati wa viini vingine vilivyozaliwa navyo kwa pamoja. Viini adimu vina nyutroni nyingi mno au chache mno kuliko viini imara vya elementi ileile, na vingi kati yake huoza kabla sekunde moja haijatimia. Nimeyapanga maswali kwa mfuatano utakaomsaidia msomaji kufuata safari ya ioni, yaani kiini kilichovuliwa elektroni zake zote au baadhi yake na hivyo kuwa na chaji ya umeme, kutoka shabahani hadi kwenye kitambuzi.

Mwalimu, sumaku haina macho. Inawezaje kutofautisha kiini cha nikeli na kile cha kobalti?

Haiwezi, na ni vyema tulikubali jambo hilo mapema, kwa sababu ugumu wote wa fani hii umezaliwa hapo. Ioni ikipita ndani ya uga wa sumaku, njia yake hupinda, na kiasi cha kupinda hutegemea uwiano mmoja tu, nao ni momenta ya ioni hiyo ikigawanywa kwa chaji yake. Uwiano huo tunauita ukakamavu wa kisumaku, nao hupimwa kwa tesla-mita, kwa kuwa ni sawa na nguvu ya uga ikizidishwa kwa nusu kipenyo cha tao ambalo ioni inalifuata. Ioni mbili zenye ukakamavu sawa hupita njia moja, hata kama moja ni nikeli na nyingine ni shaba.

Tuchukue mfano wa nikeli-78, kiini chenye protoni 28 na nyutroni 50. Kikiwa kimevuliwa elektroni zake zote, na kikienda kwa 60% ya kasi ya mwanga, ukakamavu wake ni takribani tesla-mita 6.5. Katika sumaku ya tesla 1.6 kitapinda kwa tao lenye nusu kipenyo cha mita 4 hivi. Sasa tuwatazame majirani zake. Nikeli-78 ina uwiano wa tungamo kwa chaji wa 2.786, kobalti-75 ina 2.778, na shaba-81 ina 2.793. Tofauti kati ya jirani na jirani haifiki 0.3%.

Laiti viini hivi vyote vingekuwa na kasi ileile kamili, tofauti hiyo ingetosha. Lakini katika mitambo ya aina hii viini adimu huzaliwa pale mwale wa ioni nzito, kwa mfano urani, unapogonga shabaha nyembamba kama ya berili, na vipande vya urani iliyopasuka huruka mbele vikiwa na momenta zinazotofautiana kwa asilimia kadhaa. Kobalti iliyo na kasi kidogo zaidi hujikuta ikipita palepale panapopita nikeli. Basi kazi ya mbunifu wa kitenganishi ni kupanga sumaku, nafasi tupu na vipande vya madini kwa namna ambayo chombo kinachojua kitu kimoja tu kitaweza, mwishowe, kutenga vitu vinavyotofautiana kwa mambo mawili au matatu.

Nasikia mnazungumza juu ya "lenzi". Lenzi gani hizo, na kwa nini huwekwa mbilimbili au tatutatu?

Ni sumaku zenye ncha nne, ziitwazo kwadrupoli. Katikati kabisa uga wake ni sifuri, na kadiri ioni inavyokuwa mbali na mhimili ndivyo uga unavyoongezeka kwa uwiano, hivyo ioni iliyopotea zaidi husukumwa zaidi. Hiyo ndiyo tabia ya lenzi. Tatizo ni kwamba kanuni za uga wa sumaku haziruhusu kwadrupoli ikusanye ioni katika pande zote mbili kwa wakati mmoja: ikizikusanya kwa mlalo, inazitawanya kwa wima.

Tiba yake ni kuweka lenzi ya pili iliyogeuzwa robo mzunguko. Kwa haraka mtu angedhani kwamba mkusanyo na mtawanyo vingefutana, lakini havifutani, kwa sababu mwale huwa mpana zaidi ndani ya lenzi inayoukusanya kuliko ndani ya ile inayoutawanya, na msukumo hukua pamoja na umbali kutoka kwenye mhimili. Jumla yake ni mkusanyo katika pande zote mbili. Wazo hilo lilichapishwa na wanafizikia Courant, Livingston na Snyder mwaka 1952, baada ya Christofilos kuligundua peke yake miaka michache kabla, na bila hilo vitenganishi vya leo visingekuwepo. Tatu zikipangwa pamoja humpa mbunifu uhuru zaidi wa kudhibiti mlalo na wima kila kimoja kwa kipimo chake.

Ukubwa wa mdomo wa lenzi hizi una umuhimu mkubwa. Vipande vya urani iliyopasuka hutoka shabahani vikiwa vimetanuka kama koni, na ioni isiyoingia kwenye lenzi ya kwanza imepotea moja kwa moja. BigRIPS, kitenganishi cha taasisi ya utafiti ya RIKEN kilichoko Wako, Japani, kilichoanza kazi mwaka 2007, hupokea pembe za miliradiani (elfu moja za radiani) 40 kila upande kwa mlalo na 50 kwa wima, pamoja na tofauti ya momenta ya 3% juu na chini. Ili kupata midomo mipana kiasi hicho yenye uga wenye nguvu, kwadrupoli zake zilitengenezwa kwa nyaya za upitishaji-kamili, yaani zisizo na ukinzani wa umeme, zinazopoozwa kwa heli ya kimiminika. FRS, kitenganishi cha Darmstadt, Ujerumani, iliyotangulia mwaka 1990, hupokea takribani 1% tu juu na chini, lakini inamudu ioni kakamavu zaidi, hadi tesla-mita 18.

Je, si rahisi kuongeza tu mtawanyiko, ioni zenye momenta tofauti ziachane mbali zaidi?

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwa wanafunzi, kwa hiyo niruhusiwe kulieleza kwa kirefu. Sumaku ya kupindisha, yaani dipoli, hufanya kazi ya prizimu: hupanga ioni kwa momenta kama prizimu inavyopanga rangi. Tuseme mtawanyiko ni sentimita 6 kwa kila asilimia 1 ya momenta. Hiyo ni namba ya kuvutia, lakini peke yake haituambii kama ioni mbili zitatengana, kwa sababu kila kundi la ioni halifiki kama nukta bali kama doa lenye upana. Upana wa doa ni upana wa mwale kwenye shabaha ukizidishwa kwa ukuzaji wa mfumo mzima.

Mwale ukiwa na upana wa milimita 2 shabahani, na ukuzaji ukiwa 1, doa litakuwa na milimita 2, na kwa mtawanyiko huo tutaweza kutenga momenta zinazotofautiana kwa sehemu moja katika 3000. Sasa mtu abadilishe lenzi ili mtawanyiko uwe sentimita 12, na ukuzaji nao upande hadi 2. Picha yote imekuzwa maradufu, madoa yameachana maradufu na kila doa limenenepa maradufu, na uwezo wa kutenganisha umebaki palepale kwenye 3000. Hakuna kilichopatikana ila hitaji la kitambuzi kikubwa zaidi.

Kinachoongeza uwezo huo kwa kweli ni kuujaza mwale ndani ya dipoli. Eneo la uga ambalo mwale unalifunika ndani ya sumaku, kati ya mionzi yake ya pembeni, ndilo linaloweka kikomo cha uwezo wa kutenganisha, na lenzi zinazotangulia dipoli zina kazi ya kuutanua mwale kwa mlalo kabla haujaingia humo, kisha zinazofuata huubana tena kwenye fokasi, yaani mahali njia za ioni zinapokutana. Ndiyo maana dipoli za vitenganishi bora ni pana kuliko mtu anavyotarajia. Doa dogo shabahani nalo husaidia, lakini mwale mkali ukibanwa mno kwenye nukta moja huweza kuiyeyusha shabaha, na kwa sababu hiyo mitambo yenye mwale mkali sana hutumia shabaha ya gurudumu linalozunguka ili joto lienee.

Pana sheria moja isiyokwepeka hapa. Ukizidisha upana wa mwale kwa upana wa pembe zake unapata eneo ambalo sumaku haziwezi kulipunguza, ila kulibadilisha umbo tu. Ukilibana upande wa nafasi, linatanuka upande wa pembe. Kwa hiyo anayetaka kupokea ioni nyingi zenye pembe kubwa, na papo hapo atenganishe kwa ukali, anahitaji sumaku kubwa zaidi, na hesabu haina njia ya mkato.

Nimeona picha ya kitenganishi ambacho katikati yake kuna kipande cha alumini kilichozuia njia. Kwa nini ioni adimu zilizopatikana kwa taabu zipitishwe ndani ya metali?

Kipande hicho kinaitwa kabari, na kwa maoni yangu ndicho kifaa chenye akili kuliko vyote katika mlolongo mzima. Ukikishika mkononi utadhani ni bapa la kawaida. Pembe yake ni miliradiani chache tu: ikiwa ni 5, basi katika upana wa sentimita 20 unene wa upande mmoja umezidi wa upande wa pili kwa milimita 1.

Kumbuka kwamba sumaku zilituachia nikeli, kobalti na shaba zilizochanganyika kwa sababu zina ukakamavu mmoja. Katika fokasi ya katikati, kila ioni imesimama mahali panapolingana na ukakamavu wake. Hapo tunazipitisha zote ndani ya alumini. Ioni inayopenya mata hupoteza nishati kwa kiasi kinachokua kwa mraba wa idadi ya protoni, na kupungua kadiri kasi inavyokuwa kubwa. Kobalti ina protoni moja pungufu kuliko nikeli, na kwa ukakamavu uleule kasi yake ni kubwa kidogo, kwa hiyo hupoteza sehemu ya momenta iliyo ndogo kwa takribani 4% kuliko ile inayopotezwa na nikeli. Ikiwa nikeli imepoteza 10% ya momenta yake, kobalti imepoteza 9.6% hivi. Walioingia ndani ya alumini wakiwa na ukakamavu mmoja wametoka wakiwa na tofauti ya 0.4%, na nusu ya pili ya kitenganishi, kwa mtawanyiko wa sentimita 6 kwa kila asilimia, itaziweka mbali kwa zaidi ya sentimita 2. Hapo taya mbili za chuma hufungwa kando ya doa la nikeli, na kobalti inaishia kwenye taya.

Lakini kwa nini kabari, badala ya bapa lenye unene mmoja? Kwa sababu nikeli yenyewe imetawanyika: ioni zake zenye momenta kubwa ziko upande mmoja na zenye momenta ndogo upande mwingine. Nusu ya pili ya kitenganishi imepangwa iufute mtawanyiko wa nusu ya kwanza, kama prizimu ya pili iliyogeuzwa inavyorudisha rangi zote kuwa mwanga mweupe, ili ioni zote za nikeli, za haraka na za polepole, zikusanyike kwenye doa moja dogo. Bapa la kawaida lingeharibu mpango huo, kwa kuwa ioni za polepole hupoteza zaidi na tofauti kati yao ingekua. Tukiuweka upande mnene mahali zinapopita ioni za haraka, tofauti zao za uwiano hubaki kama zilivyokuwa, na mkusanyiko wa mwisho unahifadhiwa. Pembe ikizidishwa zaidi ya hapo, kabari huweza hata kuzifanya ioni zote za aina moja zitoke na nishati moja, jambo linalofaa pale tunapotaka kuzisimamisha zote katika unene mdogo wa kitambuzi, ingawa doa la mwisho hulipa gharama.

Kwenye chati ya viini, inayovipanga kwa idadi ya protoni na nyutroni, uteuzi wa kwanza huchora mstari mmoja, na uteuzi wa kabari huchora mwingine unaoukata. Kiini tunachokitaka hukaa kwenye makutano.

Lenzi za kioo zina kasoro za kuona. Za sumaku nazo je?

Zinazo, tena nyingi. Iliyo maarufu ni kwamba ioni yenye momenta kubwa hupindwa kidogo na kwadrupoli, hivyo fokasi yake huwa mbele zaidi, na uso wa fokasi, badala ya kusimama wima dhidi ya mwale, hulala kwa mteremko mkali. Kitambuzi kilichosimama wima kitaona doa zuri katikati na madoa yaliyovimba pembeni. Tiba yake ni sekstupoli, sumaku ya ncha sita ambayo uga wake hukua kwa mraba wa umbali. Ikiwekwa mahali ambapo ioni zimekwisha kutawanywa kwa momenta, hufanya kazi kama kwadrupoli ambayo nguvu yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na kumpa kila mmoja lenzi inayomstahili. Kasoro za daraja linalofuata hurekebishwa kwa oktupoli.

Kingo za sumaku nazo huleta shida, kwa kuwa uga haukomi ghafla mahali chuma kinapokoma bali hufifia polepole, na katika sumaku fupi zenye mdomo mpana sehemu hiyo ya kufifia ni kubwa kiasi cha kutopuuzwa. Uga wote hupimwa nukta kwa nukta kabla sumaku haijafungwa mahali pake. Chuma pia kina kumbukumbu: mkondo wa umeme ukipunguzwa kisha ukarudishwa palepale, uga haurudi palepale. Kwa hiyo mtu anayeketi kwenye chumba cha udhibiti hupandisha mkondo hadi kileleni na kuushusha kwa utaratibu uleule kila mara, na huamini kipimo cha uga chenyewe kuliko kipimo cha mkondo. Akiruka hatua hiyo ataona doa limehama milimita kadhaa, na huenda akapoteza saa nyingi akitafuta kosa kwenye lenzi isiyo na kosa.

Hesabu hizi hufanywa kwa mkono?

Hatua ya kwanza inawezekana kwa mkono, kwa kuwa kila sumaku huwakilishwa na jedwali la namba 6 kwa 6, na mfumo mzima ni zao la majedwali hayo. Madaraja ya juu huachiwa programu kama COSY INFINITY, na makadirio ya viini vingapi vitafika mwisho hufanywa na wengi kwa LISE++, iliyopewa jina la kitenganishi cha LISE cha maabara ya GANIL, Ufaransa.

Baada ya yote hayo, mnajuaje kwamba kilichofika ni nikeli-78 kweli?

Kila ioni hukaguliwa peke yake. Vitambuzi vyembamba vya gesi husoma mahali ilipopita, na kwa kuijua optiki ya mfumo tunakokotoa ukakamavu wake. Plastiki mbili zinazomweka, zilizoachana makumi ya mita, hupima muda wa safari. Chemba ya gesi hupima nishati inayopotea, nayo hutoa idadi ya protoni. Kwa mita 45 na 60% ya kasi ya mwanga, safari huchukua nanosekunde 250. Saa ikikosea kwa pikosekunde 50, kosa katika uwiano wa tungamo kwa chaji ni takribani 0.03%.

Usahihi huo si anasa. Ioni ya nikeli-75 iliyobaki na elektroni moja ina chaji 27, na uwiano wake ni 2.778, tofauti na nikeli-78 iliyovuliwa kabisa kwa 0.3% tu, ilhali idadi ya protoni ni ileile, kwa hiyo chemba ya gesi haiwezi kuamua kesi hiyo. Ni optiki na saa peke yake. Nikeli-78 ilionekana mara ya kwanza Darmstadt katika miaka ya 1990, na mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya RIKEN yaliyoonyesha kwamba hali yake ya kwanza ya msisimko iko juu, kwenye nishati ya MeV (elektronivolti milioni) 2.6, ishara kwamba protoni 28 na nyutroni 50 bado hufunga viini kwa uthabiti hata mbali na viini imara. Kiini hicho huishi kwa nusu-maisha ya takribani milisekunde 120, wakati safari yote ndani ya kitenganishi haifiki hata maikrosekunde moja.

Nimesoma kwamba vitenganishi vya elementi nzito kabisa hujazwa gesi. Je, gesi haiharibu taswira?

Inaiharibu kiasi, na wataalamu wanakubali hasara hiyo kwa hiari. Elementi nzito kabisa hutengenezwa kwa kuunganisha viini viwili, na kiini kipya hubeba karibu momenta yote ya mwale uliokizaa. Maana yake ni kwamba mwale na kiini kipya vina momenta zinazokaribiana, na sumaku inaweza kuvitenga kwa chaji tu. Katika ombwe, ioni nzito iliyotoka shabahani ina chaji zisizotabirika, na kundi moja hugawanyika kuwa madoa mengi, ambapo kitenganishi huokoa mawili au matatu na kupoteza yaliyobaki. Katika heli nyembamba, ioni hugongana na atomi mara nyingi, ikipoteza na kuokota elektroni, na hufuata njia ya chaji yake ya wastani. Wastani huo hukua takribani sambamba na kasi, kwa hiyo kasi hujifuta katika uwiano wa momenta kwa chaji, na ioni zote za aina moja, ziwe za haraka au za polepole, huelekea mahali pamoja. Doa ni pana, lakini karibu hakuna ioni inayopotea.

Njia nyingine ni ile ya SHIP, kitenganishi kingine cha Darmstadt, inayochagua kwa kasi kwa kutumia uga wa umeme na wa sumaku kwa pamoja, nayo ndiyo iliyoleta elementi za 107 hadi 112 kati ya miaka 1981 na 1996. GARIS, kitenganishi cha RIKEN cha elementi nzito, ilichagua gesi. Mwale wa zinki-70, wenye takribani 10% ya kasi ya mwanga, uligonga bismuthi-209. Ioni za zinki, zenye chaji kubwa zaidi ndani ya heli, zilipindwa kwa ukali na kutupwa pembeni, na kiini kizito kiliendelea hadi kwenye kitambuzi cha silikoni ambako mlolongo wa kuoza kwake ulisomwa. Katika kazi iliyodumu miaka 9, kiini cha elementi ya 113, ambayo leo inaitwa nihoni, kilitua hapo mara tatu: mwaka 2004, mwaka 2005, na mwaka 2012.